Nyongeza ya Excel ya tangu 2004 imegoma kwenye Ofisi (Microsoft Office) mpya. Nani mwenye makosa?

#1 KaraniWaLangoni
Asalaam alaykum wana jukwaa. Nina kisa, na kabla hamjaniambia "nunua programu mpya", nisomeni hadi mwisho.

Naweka hesabu za nyumba ya wageni hapa Amu, ndiyo Lamu, vyumba tisa. Tangu 2004 kazi yote inaendeshwa na faili moja la Excel pamoja na nyongeza (add-in, programu ndogo ya kuiongezea Excel kazi) aliyoiandika ami yangu, inaitwa hesabu.xla. Ndogo lakini ina akili. Kuna fomula ya MANENO: ukiipa 12,500 inakuandikia kiasi kwa maneno kwenye risiti. Kuna HIJRI, inaweka tarehe ya Kiislamu pembeni ya ile ya kizungu, maana mwenye nyumba hataki risiti bila hiyo. Kuna kitufe cha Wageni kinachovuta majina kutoka faili la Access, na kingine cha kupiga VAT mwisho wa mwezi.

Kompyuta ya zamani ilikuwa Windows XP na Excel 2003. Mwezi uliopita imezima, haikuamka tena. Fundi alipoifungua, ubao wa ndani umeota kutu ya kijani kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Diski ilipona. Tumenunua laptopu mpya, Windows 11, Ofisi 2021. Nikaiweka hesabu.xla, nikaingia File, Options, Add-ins, nikaitia tiki. Kimya. Menyu hakuna, ujumbe wa kosa hakuna. Risiti zote, pale penye maneno, pameandikwa #NAME?.

Dai langu: Ofisi mpya imeacha kabisa kuzipokea .xla na hawataki kusema wazi. Nipingeni.

#2 FundiMalindi
Nakupinga nusu. .xla bado zafunguka. Shida yako ni biti, yaani upana wa namba ambazo programu inashughulikia kwa mpigo. Tangu 2007 Ofisi ni ya biti 64, na hiyo nyongeza yako imeandikwa enzi za biti 32. Fungua File, Account, About Excel, usome mstari wa juu kabisa, utakuta 64-bit. Dawa: toa Ofisi yote, weka ya biti 32, kunywa chai. Nimewafanyia wateja wengi tu hapa Malindi.

#3 Mtoro_wa_Kisauni
Fundi kamaliza. Uzi ufungwe.

#4 BintiMkomani
Usifungwe. Kwanza tumsahihishe Fundi: 2007 haikuwa na biti 64 kabisa. Ya kwanza kuwa nayo ni Ofisi 2010, na hata hapo ukisakinisha bila kuchagua ulipata 32. Kuanzia 2019 ndipo ukisakinisha bila kuchagua unapata 64.

Pili, someni alichoandika Karani. Amesema kimya. Shida ya biti haina kimya, ile hupiga kelele, inakuletea kisanduku cha Compile error usoni. Kimya ni ugonjwa mwingine. Faili lilifikaje kwenye laptopu mpya? Kwa flashi au kwa barua pepe?

#5 KaraniWaLangoni
Kwa barua pepe. Yule fundi aliyeifungua ile ya zamani aliitoa diski, akanitumia mafaili, nikayapakua.

#6 BintiMkomani
Basi ndiyo hiyo. Faili likitoka kwenye intaneti, Windows hulipiga muhuri wa siri kwamba limetoka nje. Excel ikiuona muhuri kwenye nyongeza haiifungui, na haikuambii. Ilianza na masasisho ya usalama ya Julai 2016. Ofisini kwetu siku ile watu wanne walidhani wamefutiwa menyu zao, mmoja akamshuku mwenzake hadi wakanuniana wiki nzima. Tangu 2022 wakaongeza kufuli jingine kwa makro (programu ndogo zilizo ndani ya faili) zote zitokazo mtandaoni.

Funga Excel. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Properties, chini kabisa kuna kijisanduku cha Unblock. Tia tiki, OK, ufungue tena.

#7 Pwani_Data
Ahaa! Kumbe. Mimi nilipeleka nyongeza ileile kwa flashi ikakubali, kwa barua pepe ikakataa. Nikamwambia bosi flashi ile ina baraka.

#8 BintiMkomani
@Pwani_Data baraka yenyewe ni kwamba flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, na muhuri ule hukaa kwenye NTFS pekee. Faili likipita kwenye flashi, muhuri unadondoka njiani.

#9 KaraniWaLangoni
Binti, Mungu akuweke. Menyu imerudi! Imejificha kwenye kichupo cha Add-ins mwisho wa utepe lakini ipo, na vitufe vyake vya rangi ya samawati kama zamani.

Sasa mawili. Moja, risiti bado #NAME?. Pili, nikibofya Wageni inaniambia "Compile error in hidden module".

#10 FundiMalindi
NILISEMA. Nimesema nini mimi kule juu?

#11 Mtoro_wa_Kisauni
Fundi kafufuka.

#12 Hesabu_na_Kahawa
Nianze na #NAME?, hiyo haina uhusiano na biti. Simama kwenye seli moja yenye kosa, utazame fomula kule juu, kisha uibandike hapa vile ilivyo.

#13 KaraniWaLangoni
='C:\Documents and Settings\Ofisi\Application Data\Microsoft\AddIns\hesabu.xla'!MANENO(F12)

#14 Hesabu_na_Kahawa
Hapo ndipo. Fomula inaitafuta nyongeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Njia ya Documents and Settings ni ya XP. Kuanzia Windows Vista watu walihamia C:\Users. Excel huandika anwani nzima ya nyongeza ndani ya fomula pale isipoikuta mahali pake. Nenda Data, Edit Links, chagua hesabu.xla, Change Source, uielekeze pale ilipo sasa. Mara moja tu, fomula zote zitafuata.

#15 MzeeKasa
Vijana mwataja mambo nusu nusu. Mimi hii kazi nimeanza nayo enzi za disketi. Ilipokuja 2007 walibadilisha mengi kwa mpigo: menyu zikawa utepe, .xls ikawa .xlsx, na vitu vikang'olewa kimyakimya. Kimoja ni Application.FileSearch. Nilikuwa na nyongeza ya ushirika wa wavuvi iliyopekua mafaili ya mizani kila jioni, hiki kamba, hiki kole, hiki changu. Tumehamia 2007, ikanipiga kosa namba 445, kwamba kitu hiki hakikubali kitendo hicho. Nimehangaika siku tatu nikidhani ni virusi. Kumbe kitendo chenyewe hakipo tena. Nikaiandika upya kwa Dir.

Karani, ami yako kama alitumia FileSearch kwenye kitufe cha Wageni, hata ukiweka biti 32, biti 16, biti ya punda, haitakwenda. Ndoo barazani leo baada ya alasiri uniletee hiyo laptopu.

#16 Mkazi_wa_Bara
Ndoo barazani ya nini mzee? Kwani kompyuta inaoshwa?

#17 MzeeKasa
@Mkazi_wa_Bara "ndoo" kwa Kiamu ni "njoo". Wewe kaa na ndoo yako ya maji.

#18 KaraniWaLangoni
Change Source imefanya kazi!!! Risiti zote zimejaa. Hesabu_na_Kahawa unanidai kahawa.

Risiti ya kwanza kuchapishwa: "Shilingi elfu thalathini na moya, mia tano tu."

#19 Mkazi_wa_Bara
Na MOYA?? Hiyo nyongeza bado ina kosa.

#20 KaraniWaLangoni
Haina kosa. Ami ni mtu wa Amu, kaandika kama asemavyo. Risiti zetu zasema moya miaka ishirini na mgeni hajalalamika. Ndiyo maana sitaki programu mpya. Nimezunguka mtandaoni nitafute fomula ya kuandika tarakimu kwa maneno ya Kiswahili ndani ya Excel, hakuna. Wathai wamepewa BAHTTEXT imo humohumo. Sisi tuna ami.

#21 Pwani_Data
"Sisi tuna ami." Naiandika kwenye fulana.

#22 FundiMalindi
Mwacheka, kitufe cha Wageni bado kimekufa. Narudia: weka biti 32.

#23 BintiMkomani
Labda. "Hidden module" maana yake kodi ya makro, yaani maandishi ya programu yenyewe, imefungwa kwa nenosiri, kwa hiyo Excel inajua mstari wenye kosa ila haiwezi kukuonyesha. Tukiiona ndani tutajua kama ni Fundi au ni MzeeKasa au ni kitu cha tatu. Kwa mfano rejea iliyopotea: ndani ya kihariri cha VBA (lugha ya makro za Ofisi), Tools, References, ukikuta mstari umeanza na MISSING, basi hata maneno mepesi kama Left na Date yanakataa kufanya kazi, yasiyo na hatia yoyote. Karani, nenosiri unalo?

#24 KaraniWaLangoni
Sina. Ami yuko Muscat. Namtumia ujumbe.

#25 Kijana_wa_Mokowe
Wakubwa, samahani, kwa nini msiandike upya kwa JavaScript? Kuna nyongeza za kisasa tangu Ofisi 2013, zinafanya kazi Windows, Mac na hata kwenye kivinjari. Mambo ya biti yanaisha kabisa.

#26 KaraniWaLangoni
Mdogo wangu, hizo zinakaa kwenye seva ya mtandaoni. Hapa intaneti ikikatika saa mbili asubuhi, na wageni wana mashua ya kuwahi ndege Manda, risiti niiandike mchangani?

#27 Uhuru_wa_Programu
LibreOffice jamani. Bure. Inafungua .xls zote.

#28 Mtoro_wa_Kisauni
Nilikuwa nahesabu dakika ngapi hadi aje.

#29 Hesabu_na_Kahawa
@Uhuru_wa_Programu naipenda na ninaitumia, lakini tusidanganyane. VBA inaijua kiasi tu. Vitufe vya fomu na udhibiti wa ActiveX vinakwama, na kodi inayoita DLL za Windows (mafaili ya kazi za mfumo wenyewe) usiitegemee huko. MANENO huenda ingepita, Wageni sidhani.

#30 Wakala_Nrb
Naongeza kisa changu kisichofanana sana. Kwetu ni nyongeza ya aina ya COM, ya programu ya uhasibu. Kila baada ya siku chache inatoweka. Binti na Fundi wote wangekosea hapa. Ilikuwa Excel yenyewe inaizima kwa sababu iliwahi kuanguka ikiwa inafunguka. Tazama Options, Add-ins, kule chini Manage, chagua Disabled Items. Na kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), chini ya Office\Excel\Addins, thamani ya LoadBehavior ikiwa 3 inapakiwa Excel ikiwaka. Ofisi ikiizima inageuka 2. Nilikuwa nairudisha 3 kila Jumatatu kama mtu anayepiga saa ya ukutani majira.

#31 FundiMalindi
Na ukiitafuta upande usio wake kwenye rejista huioni. Ofisi ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64, vitu vyake vya mashine nzima vinakaa kwenye WOW6432Node. Ukitaka kuandikisha OCX (faili la kijenzi kama kalenda au kitufe) ya biti 32 tumia regsvr32 iliyo kwenye System32.

#32 BintiMkomani
Kinyume chake, Fundi. System32 ni ya biti 64 na SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Majina yamegeuzwa, najua, kila mtu hukosea mara moja.

#33 FundiMalindi
Mara moja tu? Mimi hii ni ya nne. Asante.

#34 KaraniWaLangoni
Ami amejibu. Sauti ya dakika sita, nne za kwanza ni salamu na kuulizia nani kafa na nani kaoa. Nenosiri ni namba ya sanduku la posta la nyumba ya wageni. Imechapishwa juu ya kila risiti tangu 2004.

Nimeingia. Kuna mistari miwili myekundu juu kabisa. Wa kwanza:

Private Declare Function GetUserName Lib "advapi32.dll" Alias "GetUserNameA" (ByVal lpBuffer As String, nSize As Long) As Long

Wa pili wafanana, ila wasema FindWindow, na Lib "user32".

#35 FundiMalindi
Declare bila PtrSafe. BITI. Leo nalala usingizi mzuri.

#36 BintiMkomani
Nakubali, hapa umeshinda. Lakini bado sioni haja ya kung'oa Ofisi. Karani, kwenye mistari yote miwili andika PtrSafe baada ya neno Declare. GetUserName yatosha hivyo. FindWindow haitoshi: inarudisha namba ya dirisha, na kwenye biti 64 namba hiyo ni LongPtr, si Long. Badilisha As Long ya mwisho iwe As LongPtr, na kila kigeu kinachoipokea namba hiyo ndani ya kodi kibadilike vilevile. PtrSafe peke yake ni kiapo tu. Unaiapia Excel kwamba umehakikisha, yenyewe haihakikishi chochote. Wengi wanabandika PtrSafe kila mahali, wekundu unatoweka, halafu Excel inaanguka katikati ya kazi.

Kama ami bado ana mashine ya zamani huko, zungushia #If VBA7 Then na #Else, faili moja litembee kote kuwili.

#37 KaraniWaLangoni
Ami ana mashine ya zamani. Ami ana kila kitu cha zamani.

Nimefanya. Wekundu umekwisha. Nikaenda Debug, Compile, imepita bila neno. Nikabofya Wageni: "Provider cannot be found. It may not be properly installed."

#38 MzeeKasa
FileSearch hakuna humo?

#39 KaraniWaLangoni
Nimetafuta, hakuna, mzee wangu.

#40 MzeeKasa
Basi. Nimenyamaza.

#41 Hesabu_na_Kahawa
Provider ni injini ya Access. Bila shaka ami kaandika Microsoft.Jet.OLEDB.4.0, na Jet haikupata kutolewa kwa biti 64. Ibadilishe iwe Microsoft.ACE.OLEDB.12.0. Faili la Access ni la mwaka gani? Likiwa la mtindo wa Access 97, kuanzia Access 2013 halifunguki tena, itabidi upite kwenye mashine ya katikati ulibadilishe kwanza.

#42 KaraniWaLangoni
Ni la mtindo wa 2000. Nimebadilisha neno hilo moja, majina yamekuja. Wageni wote, hadi yule Mswidi aliyekaa miezi saba mwaka 2009 akaondoka na kijiko chetu.

Kijidirisha cha tarehe tu ndicho hakifunguki, chasema kitu fulani hakikupakiwa.

#43 FundiMalindi
Kalenda ya mscomct2.ocx. Hiyo HAINA ya biti 64, wala haitakuja, Binti mwenyewe anajua. Sasa hesabu: umebadilisha Declare, umebadilisha Jet, sasa unatupa kalenda. Ungeweka biti 32 siku ya kwanza vyote vitatu vingekuwa vinatembea bila kugusa herufi ya ami.

#44 BintiMkomani
Ni kweli vingetembea. Muhuri wa barua pepe na anwani ya XP vingebaki palepale. Na utaishi kwenye biti 32 hadi lini? Kalenda aitupe, aandike tarehe kwa mkono kwenye kisanduku, dakika kumi.

#45 FundiMalindi
Hadi pale itakapohitajika, dada. Faili la vyumba tisa halihitaji kumbukumbu ya biti 64. Nani ana safu milioni moja za wageni hapa Amu?

#46 Mkazi_wa_Bara
Au weka XP ndani ya mashine pepe, VirtualBox, ichape risiti kama 2004. Mimi nina mteja anaishi hivyo.

#47 BintiMkomani
Viraka vya kawaida vya usalama vya XP vilikoma Aprili 2014. Ukiiweka, angalau ikate intaneti.

#48 Wakala_Nrb
Na kwa habari ya viraka, Ofisi 2016 na 2019 zimekoma tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Windows 10. Hiyo 2021 ya Karani mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Jiandaeni na uzi mwingine.

#49 KaraniWaLangoni
Wandugu kuna jipya, na hili lanitisha. Jana rafiki mmoja kaniambia nihifadhi faili kuu kwa mtindo mpya, .xlsm, ati ni salama zaidi. Nimehifadhi. Leo kitufe cha VAT kinanipa sifuri. Mwezi mzima, mauzo yote, VAT sifuri. Nikimpelekea mwenye nyumba atacheka, nikiipeleka kwa wanaohusika sitacheka mimi.

#50 Mtoro_wa_Kisauni
Hiyo si kosa, ni zawadi.

#51 FundiMalindi
Nenosiri la laha? Laha ikiwa imefungwa makro haiandiki.

#52 Pwani_Data
Au hesabu iko kwenye Manual. Bonyeza F9.

#53 KaraniWaLangoni
F9 sifuri. Laha haijafungwa. Ndani ya kodi imeandikwa: kodi = jumla * Range("VAT16").Value / 100. Na VAT16 ni jina alilolipa seli yenye namba 16.

#54 Hesabu_na_Kahawa
Ngoja ngoja ngoja. Karani, kwenye faili jipya bonyeza F5, andika VAT16, Enter. Niambie umefika wapi.

#55 KaraniWaLangoni
Nimefika mahali sipajui. Safu hazina kitu, kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu. Juu pameandikwa VAT. Ni kama nimeshushwa kisiwani Kiwayuu usiku bila taa.

#56 Hesabu_na_Kahawa
Hahahaha! Nimeisoma hii miaka mingi, sikuwahi kuiona hai.

Excel 2003 ilikuwa na nguzo 256, ya mwisho ikiitwa IV. Kwa hiyo herufi VAT zilikuwa jina tu, hakuna nguzo ya jina hilo. Kuanzia 2007 nguzo ni 16,384, ya mwisho XFD. Nguzo ya VAT ipo sasa, ya 14,918 ukihesabu kutoka kushoto, na VAT16 ni seli halali kabisa, tupu. Ulipohifadhi kwa mtindo mpya Excel iligundua mgongano, ikalibadilisha jina la ami kuwa _VAT16, na kistari chini mbele. Fomula za kwenye laha zikafuata. Kodi ya makro haikuambiwa. Inasoma seli tupu huko Kiwayuu, inazidisha kwa sifuri.

Badilisha jina liwe KIWANGO_VAT, na ndani ya kodi vilevile.

#57 BintiMkomani
Nainua mikono. Hii sikuijua.

#58 FundiMalindi
Nami pia. Na hii biti 32 isingeiponya, nakiri kwa hiari yangu.

#59 MzeeKasa
Lakini 2007 ndiyo iliyoleta. Nilisema 2007.

#60 Wakala_Nrb
Faida nyingine ya jina jipya: 2020 VAT iliposhuka hadi 14 kuanzia Aprili, kisha ikarudi 16 Januari 2021, mlifanyaje na jina la VAT16?

#61 KaraniWaLangoni
Tuliandika 14 ndani ya VAT16. Miezi tisa. Msiulize.

VAT imerudi, imelingana na daftari la mkono hadi senti. Limebaki dogo. HIJRI. Leo inaniandikia siku moja mbele ya ilivyotangazwa msikitini. Kwenye mashine ya zamani nakumbuka zilikuwa zikilingana.

#62 Pwani_Data
Tarehe ya mfumo? Mipangilio ya eneo? Labda laptopu imekuja na mwezi mbele ya siku, kama Wamarekani.

#63 KaraniWaLangoni
Tarehe ya kizungu ni sawa, siku/mwezi/mwaka.

#64 Mkazi_wa_Bara
Kuna mambo ya 1900 na 1904 kwenye Excel.

#65 Hesabu_na_Kahawa
Hiyo ingekupotezea miaka minne na siku moja, si siku moja tupu. Ami ametumia nini, Calendar = vbCalHijri au muundo wa namba unaoanza na B2?

#66 KaraniWaLangoni
Muundo. B2dd/mm/yyyy.

#67 Hesabu_na_Kahawa
Vyote viwili ni hesabu tu, miezi ya siku 30 na 29 kwa zamu na mwaka mrefu kila baada ya muda. Vinaweza kupishana na mwandamo kwa siku moja, saa nyingine mbili.

#68 MzeeKasa
Excel haijapanda juu ya paa Shela kutazama mwezi. Mfungo sita wa mwaka jana kwenye simu ya mjukuu wangu Maulidi ilikuwa imeanza, sisi bado twasubiri.

#69 FundiMalindi
Mzee hata Malindi na Amu huwa hamwafikiani, mwailaumu Excel?

#70 BintiMkomani
Swali langu ni kwa nini mashine ya zamani ililingana. Windows ina mahali kwenye rejista pa kusogeza tarehe ya Hijri siku moja au mbili, mbele au nyuma, AddHijriDate, chini ya Control Panel\International. Inawezekana ami aliigusa.

#71 Hesabu_na_Kahawa
Au ililingana miezi mingine na mingine haikulingana, na hakuna aliyetazama. Karani, kwenye risiti za zamani chukua kumi, uzilinganishe.

#72 KaraniWaLangoni
Nimemuuliza ami kuhusu rejista. Sauti nyingine, dakika tatu. Asema hakugusa rejista yoyote. Asema kila mwezi ukiandama alikuwa akipiga simu msikiti wa Riyadha kuuliza, kisha akija Amu anaongeza au anapunguza moja kwa mkono kwenye seli, na alipoondoka 2011 alimfundisha karani aliyekuwapo kabla yangu.

Mimi sikufundishwa. Nimefungua risiti za 2015. Zimepishana siku moja, karibu nusu yake.

#73 Mtoro_wa_Kisauni
Kwa hiyo nyongeza ilikuwa ami mwenyewe.

#74 FundiMalindi
Karani, ukija Malindi nitakuwekea biti 32 bure, kalenda ya ami irudi.

#75 KaraniWaLangoni
Nitakuja. Binti asijue.

#76 BintiMkomani
Nasoma.